Moshi wa Jumapili

Wazungu wana ugonjwa wa kupenda mlima. Simsemi mtu, nasema nilichokiona. Bwana Misitu, mkubwa wangu wa kazi, alipanda Mbizi mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili alipanda akicheka, fimbo mkononi, kamera kifuani, nyuma yake wapagazi wanne wamebeba hema, kitanda na meza ya kulia chakula. Akifika juu husimama ukingoni, pale ardhi inapokatika ghafla na Ziwa Rukwa linaonekana chini kabisa, kingo zake nyeupe kwa magadi. Huvuta pumzi, kisha huniambia kwa Kiswahili chake cha Boma kwamba mimi ni mtu mwenye bahati, maana kwao watu husafiri siku nyingi kwenda tu kutembea mahali kama hapa. Mimi humjibu ndiyo bwana. Kesho yake asubuhi anafunga hema na kushuka, nami nabaki na bahati yangu miezi mingine sita.

Jina langu Oswaldi, mzaliwa wa Mollo. Mwaka ule waliposema Malkia ametawazwa huko Ulaya, mimi nilikuwa na mwaka wa tatu katika kazi ya kulinda msitu. Serikali ilikuwa imeuzungushia msitu wa Mbizi mpaka wa mawe yaliyopakwa chokaa, ikasema ndani ya mawe hayo hakuna kukata mti, hakuna kuchunga, hakuna kuwasha moto. Halafu ikatafuta mtu wa kukaa na mawe. Watu wenye akili walikataa. Mimi nilipewa kofia, koti zito na kibanda cha miti juu kabisa, na kwa miezi ya mwanzo nilijiona mkubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Nilizunguka mpaka, nikapaka chokaa mawe yaliyofifia, nikafyeka ile njia pana ambayo moto wa nyasi ukifika hukosa cha kula. Kiangazi kikikaza nilikaa juu ya mwamba mmoja mtupu kutazama kama kuna moto unapanda. Ndani ya msitu kulikuwa na baridi hata mchana, miti imeota ndevu za kijani, maji yanachuruzika chini ya majani bila kuonekana. Wenzangu walikuwa mbega wekundu. Kulikuwa na dume moja lenye mkia uliokatika, nililigombeza kila asubuhi kwa kunitupia maganda juu ya paa, na kuna siku nilijikuta nimeligombeza kwa jina la mke wangu. Siku hiyo niliogopa. Mtu akikaa muda mrefu bila kuitwa jina lake, kitu fulani ndani yake kinaanza kulegea.

Mke wangu ni Adela. Alibaki Mollo na mama yangu, Mama Hilaria, katika nyumba yetu yenye mikaratusi miwili mbele. Mikaratusi hiyo ilinisaidia sana, kwa kuwa nchi yetu ya Ufipa ni nyasi tupu kutoka huku mpaka kule, na mti ukisimama peke yake unaonekana. Kutoka mwamba wangu, kukiwa na mwanga mzuri, niliweza kuonesha kwa kidole: pale ndipo kwangu. Mwendo wa nusu siku kwa mtu anayetembea kweli. Lakini kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza sikuruhusiwa kushuka hata saa moja, maana hiyo ndiyo miezi ya moto, na Bwana Misitu alishaniambia kwamba akisikia kibanda kimelala bila mtu nitavua kofia siku hiyohiyo.

Ndiyo maana tukapanga moshi. Wazo lilikuwa la Adela. Aliuliza atajuaje kama sijaliwa na chui, nikamwambia chui wa Mbizi ana adabu kuliko watu wa Mollo, hakucheka. Basi tukakubaliana: kila Jumapili, jua likiwa utosini, mimi niwashe nyasi mbichi juu ya mwamba mtupu, mahali ambapo moto hauwezi kutoroka. Yeye akiona, achukue kaa jikoni kwake, awashe nyasi zake nyuma ya nyumba. Moshi mmoja, mimi mzima. Moshi miwili, njoo. Kutokuwa na moshi hatukukuzungumzia.

Kila Jumapili nilivaa shati safi. Mtu gani atakuona huko juu, utaniuliza. Nilivaa tu. Niliwasha, nikasubiri, na punde kule chini kikatoka kiuzi cheupe kando ya mikaratusi, na mimi nikapunga mkono kwa mtu ambaye asingeweza kuuona. Baada ya hapo nilikula ugali wangu wa ulezi kwa hamu, na wiki ikasogea.

Sasa niseme habari mbili ambazo zinanitia aibu.

Ya kwanza ni ya binamu yangu Polikarp, mtoto wa baba yangu mdogo, tuliyelelewa pamoja. Nilimkuta ndani ya mawe anakata nguzo za nyumba. Ningeweza kugeuza kisogo. Nilimpeleka Boma, akafungwa wiki mbili, na shoka lake likabaki kwangu limetundikwa ukutani. Halikuwa shoka la dukani. Babu yetu alilifua kwa chuma kilichoyeyushwa hukuhuku Ufipa, katika tanuru lile refu la udongo, zamani kabla mambo hayo hayajaachwa. Baada ya hapo Mollo yote ikaacha kupanda mlimani. Hata tarishi aliyeniletea posho aliuacha mfuko kwenye jiwe la kwanza la mpaka na kurudi mbio, kana kwamba ningemkamata kwa kukanyaga majani.

Ya pili ni ya Adela mwenyewe. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, mwezi wa Juni, tulikosana. Kwetu shamba halichomwi. Mvua zikishalainisha udongo, nyasi zinakatwa, zinafunikwa udongo, zinakuwa matuta ya duara, zioze humo mpaka mwaka unaofuata ndipo upande juu yake. Ni kazi ya watu wawili wenye mgongo. Adela aliifanya peke yake miaka mitatu, mama yangu akimsogezea nyasi kwa mikono yake ya kizee. Alinionesha viganja vyake. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa serikali. Basi akaniambia bila kupandisha sauti, huku anaosha chungu:

"Mvua zikinyesha uwe umerudi, Baba Fransiska. Ukibaki huko juu nitajua nimeshaachwa, nami nitakwenda kwa kaka zangu huko Mwazye."

Niliondoka alfajiri bila kumuaga vizuri. Mama ndiye aliyenisindikiza mpaka mtoni, akinitania kwamba nimeanza kunuka nyani. Nilimwambia arudi, asije akapata baridi.

Jumapili zikaenda, moshi kwa moshi. Julai, Agosti. Nilijua Adela amekasirika, ila moshi wake ulikuja, na maadamu ulikuja nilijua bado nina mke. Kila nilipouona nilijiambia mvua zikianza nitavua kofia. Halafu Jumatatu nilijiambia labda msimu mmoja tu zaidi.

Ikafika Jumapili moja ya Septemba. Niliwasha. Moshi wangu ukapanda vizuri, mnene. Nikasubiri. Bondeni kulikuwa na ukungu wa vumbi na moto wa watu wa Rukwa, lakini mchana upepo ulikuwa ukiufagia, mikaratusi niliiona sawasawa. Moshi haukuja. Nilikaa mpaka kivuli changu kikawa kirefu kuliko mimi. Haukuja.

Mtu mwingine angefikiri ugonjwa, au hatari. Mimi nilifikiri kununiwa. Nilikuwa nimekaa peke yangu na ugomvi ule tangu Juni, nimeupindua huku na huku, kila neno lake nimelijibu mara mia mbele ya mbega, kwa hiyo chochote kilichotokea duniani kilikuwa ni sehemu ya ugomvi ule. Nikasema, haya, ameamua. Hata mvua hakuzingoja. Wiki nzima niliuzunguka mpaka wa msitu kwa hasira, nikafyeka mahali pasipohitaji kufyekwa.

Jumapili ya pili sikuwasha. Nilivaa shati, nikapanda mwambani, nikaweka mikono juu ya magoti. Nilitaka atazame juu akose, naye aonje. Nilijisikia mshindi kama robo saa hivi. Kisha nikaona nilivyo: mzee mzima mwenye mvi ameketi juu ya jiwe anamkomoa mwanamke aliye mbali nusu siku, na hakuna hata mtu wa kumcheka. Nyuma ya nyumba hapakuwa na moshi.

Jumapili ya tatu nilishindwa. Nilikata nyasi nyingi kuliko kawaida, nikawasha moshi mkubwa ambao nadhani hata Sumbawanga mjini waliuona. Niliuchochea mpaka machozi yakanitoka, na sitasema yote yalikuwa ya moshi. Nilikuwa namwomba msamaha kwa njia pekee niliyokuwa nayo. Chini kimya.

Usiku wa kuamkia Jumanne kilipita kimanyunyu, cha kwanza mwaka ule, kidogo tu cha kulaza vumbi. Asubuhi nilitoka kibandani nikakuta hewa imeoshwa. Sijawahi kuiona Ufipa wazi namna ile alfajiri, maana kiangazi chote asubuhi ilikuwa ukungu na mimi nilizoea kutazama mchana wa Jumapili peke yake. Niliona Mollo yote, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba imetoa moshi wake wa uji. Nikafuata kwa jicho: kwa Polikarp, moshi. Kwa jirani yetu Alois, moshi. Kwangu, kwenye mikaratusi, hakuna.

Si moshi wa Jumapili. Moshi wa asubuhi, wa kupika. Haukuwepo.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua kabla hajaota meno ya pili. Kwetu, mkubwa wa nyumba akifa, moto wa jikoni unazimwa, majivu yanazolewa yote, mafiga yanabaki baridi. Hawakopi kaa kwa jirani, hawagusi kiberiti. Wanalishwa na jirani mpaka mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu aje apekeche moto mpya kwa mikono yake. Padri anajua, na padri hasemi kitu. Na nyumba yangu mkubwa alikuwa mmoja, aliyenisindikiza mpaka mtoni.

Kutokuwa na moshi hatukukuzungumzia kwa sababu hakukuhitaji kuzungumzwa. Mimi ndiye niliyesahau lugha ya nyumbani.

Nilichukua koti. Nikachukua na lile shoka ukutani, nadhani nilijua nitakutana na mwenyewe. Nilishuka mbio kwa njia ya mkato ya mtoni, nikateleza mara mbili, goti likachubuka, mbega wakanipigia kelele huko juu. Sikufikiria kibanda wala kofia. Nilikuwa nahesabu wiki. Kama moto ulizimwa kabla ya Jumapili ile ya kwanza, basi leo zilikuwa wiki tatu kasoro, na mke wangu alikuwa ameketi mbele ya mafiga ya baridi muda wote huo akinisubiri mimi nifanye kitu kimoja. Kupekecha nilikumbuka. Baba alinifundisha: kijiti kigumu, kibao laini, mavi ya ng'ombe makavu kupokelea cheche. Nilikimbia huku vidole vyangu vinafanya zoezi.

Nilipotoka msituni na kuingia kwenye nyasi, jua lilikuwa limepanda kiasi. Nikaangalia mbele. Kando ya mikaratusi kulikuwa na moshi.

Nilisimama. Ulikuwa mwembamba, wa samawati, unapanda wima. Nilikaa chini kwenye umande nikacheka peke yangu, kwa sauti, kama mwehu. Hakuna aliyekufa. Adela alichelewa kuamka tu. Alikuwa ameninunia kweli, basi, mwache anune, nitafika nitamwambia nimeacha kazi na Mama atanitania tena habari ya nyani. Sijapata kuupenda moshi namna ile, na sidhani kama nitaupenda tena. Nilitembea sehemu iliyobaki taratibu, nikanawa uso mtoni, nikaifuta damu ya goti ili nisiwatishe.

Uani kulikuwa na watu kama kumi wameketi. Hakuna aliyenyanyuka. Adela alikuwa ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa. Mbele ya jiko Polikarp alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa masizi, kijiti na kibao bado viko miguuni pake. Moto ulikuwa umewaka, bado mchanga, wanaulisha vijiti vidogo. Nikaelewa nilichokuwa nimekichekea kule kwenye nyasi.

Mzee Alois ndiye aliyenieleza, bila ukali. Mama Hilaria alifariki Ijumaa, kabla ya ile Jumapili ya kwanza, kwa homa ya siku tatu. Walisema mtu apande kuniita, lakini nani angepanda, baada ya Polikarp? Na Adela akasema hakuna haja. Akasema Oswaldi anatazama, Jumapili ataona hakuna moshi, atashuka. Walimzika, wakaniachia nafasi ya jiwe langu kaburini. Binti yetu Fransiska alitembea kutoka Msanzi, siku mbili, mtoto mgongoni, akakaa wiki, akarudi.

"Jumapili ile ya kwanza uliwasha," Adela alisema. Alikuwa anatazama moto, si mimi. "Nikasema hajaangalia vizuri. Ya pili hukuwasha. Tukajua umeona, uko njiani. Wanawake walikupikia kwa Alois. Vijana wakaenda kukupokea mtoni, wakakaa mpaka giza."

Nilihamishia shoka mkono wa pili.

"Ya tatu ukawasha tena. Mkubwa kweli. Hapo wazee wakasema, huyu yuko palepale, amekataa."

Nilimwambia ukweli, wote, mbele ya watu: kwamba nilidhani amenuna, kwamba nilikuwa namkomoa. Nilisikia lilivyo dogo lilipotoka mdomoni. Mzee mmoja akakohoa. Polikarp aliinuka akajifuta mikono, nami nikamnyoshea shoka. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akapitisha kidole kwenye makali kuona kama nimeliacha lipate kutu. Sikuliacha.

"Nimekuwashia wewe," aliniambia. "Sikujiwashia mimi."

Moto hauwashwi mara mbili. Nilioneshwa kaburi, nikaweka jiwe langu juu ya mawe ya wengine. Kisha Adela akaniletea kigoda na ugali uliopikwa kwenye moto ule, akapiga magoti akaniwekea maji ya kunawa na kupiga makofi ya taratibu, sawasawa na anavyokaribishwa mgeni aliyetoka mbali. Nilikula. Ulikuwa mtamu na sikujua pa kutazama.

Watu walipopungua nilimwambia ninaacha kazi, leo, kofia nairudisha Boma kesho. Hakukasirika. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Alisema kofia ningeivua siku ambayo moto ulikuwa umezimwa, sasa moto unawaka. Alisema hendi Mwazye tena. Mama kabla ya kufa alimshika mkono akamwachia shamba, na matuta yale yana nyasi alizozisogeza yeye mwenyewe, hawezi kuyaacha. Kwa hiyo yeye anabaki, na mimi nirudi kwenye miti yangu.

"Ila moshi usiwashe tena, Baba Fransiska," alisema. "Ukiwasha nitautazama."

Nililala kwa Alois, alfajiri nikapanda. Njiani nilijaribu kumlaumu Polikarp, nikajaribu kumlaumu Bwana Misitu, nikashindwa nilipofika kwenye jiwe la kwanza. Kibanda kilikuwa kama nilivyokiacha. Hakuna aliyejua kwamba niliondoka, hakuna kilichoungua, na lile dume la mkia uliokatika lilinitupia maganda. Sikuligombeza.

Jumapili ikafika. Nilivaa shati. Mikono yangu ilikata nyasi mbichi yenyewe, ikazipanga juu ya mwamba, ikatoa kiberiti mfukoni. Hewa ilikuwa safi, mikaratusi ilionekana wazi, na kando yake kulikuwa na moshi wa mtu anayepika chakula cha mchana cha mtu mmoja. Nilikishika kile kiberiti mpaka kikapata joto la kiganja. Halafu nikakirudisha mfukoni, nikaketi kando ya nyasi zangu, nikatazama mpaka moto wake ulipofunikwa na moshi ukaisha. Kama naye alitazama juu siku ile, sijui. Hakukuwa na kitu cha kuona.